Mfumo nimemaliza, wote wanasema mzuri, ila hakuna anayelipia

SWALI: Habari kaka. Mimi ni developa niko Mwanza, nimekaa miezi 7 natengeneza mfumo wa maduka ya vifaa vya ujenzi, una stoku, mauzo, madeni, ripoti, kila kitu. Nimewaonyesha wenye maduka 6, wote wamesema mzuri, wawili wakauweka kwenye simu, wiki haijaisha wakaacha. Nafikiria niongeze kufanya kazi bila intaneti na kuskani bakodi, halafu nikope kidogo nilipie matangazo. Kuna jamaa kaniambia niweke mfumo pembeni nianze na huduma, sijamwelewa, si nitakuwa karani tu? Nishauri.

JIBU: Mdogo wangu pole na kazi, na tafadhali usikope. Hiyo hela ya matangazo itakuletea watu wengine wa kukwambia mzuri, basi.

Jamaa yako yuko sahihi ila naona hakukueleza huduma ipi, maana wengi wakiambiwa anza na huduma wanaanza kupokea kila kazi inayopita, leo tovuti ya kanisa, kesho kutengeneza printa, mwaka unaisha wamekula lakini kuhusu maduka hawajajua kitu kipya. Mi nazungumzia kuifanya kwa mikono yako kazi ileile ambayo mfumo wako unaahidi kuifanya, kwa wateja walewale, na ulipwe.

Hebu twende dukani. Saa 3 asubuhi mafundi wamejaa kaunta, mmoja anataka misumari ya inchi 4 robo kilo, mwingine nondo ya milimita 12 ikatwe nusu, wa tatu anabeba mifuko 10 ya saruji mali kauli anasema bosi wake atalipa Ijumaa. Kijana anayeuza pale atafungua simu saa ngapi, atafute bidhaa, achague kipimo, abonyeze hifadhi? Anaandika kwenye daftari "sarj 10 fundi Buswelu" anahudumia anayefuata. Na hiyo bakodi unayotaka kuongeza, nondo iliyokatwa nusu utaiskani wapi? Halafu angalia na hili, anayeteseka kuingiza taarifa ni kijana, anayefaidika ni tajiri ambaye mara nyingi hayupo dukani, kwa hiyo kijana anauona mfumo wako kama polisi aliyeletewa. Ndo maana wiki haikuisha.

Sasa Jumatatu rudi kwa mmoja wa wale wawili walioacha, hao angalau walijaribu. Mwambie tajiri hivi: jioni mkifunga, kijana apige picha kurasa za daftari za leo anitumie WhatsApp, saa 2 usiku nakutumia meseji moja, umeuza kiasi gani, taslimu inayotakiwa kuwa kwenye droo ni kiasi gani, iliyoingia kwa lipa namba ni kiasi gani, na nani kachukua mali kauli leo. Wiki ya kwanza bure, kuanzia ya pili elfu 15 kwa wiki. Usimdai kwa mwezi, duka linaendeshwa kwa hela ya kila siku na bei ya wiki mtu anaielewa haraka. Ndani ya siku 14 utajua kama kuna mtu yuko tayari kutoa hela yake kwa tatizo hili, jambo ambalo miezi 7 haijakwambia.

Wewe nyuma ya pazia fungua Excel, mstari mmoja kwa kila muamala, safu za tarehe, bidhaa, kipimo, idadi, bei, aina ya malipo na mdaiwa. Na pembeni andika dakika, hii usiiruke. Kusoma mwandiko dakika ngapi, kuulizia bei isiyoandikwa dakika ngapi, kujumlisha, kuandika meseji. Baada ya wiki 3 hiyo orodha ya dakika ndo itakwambia uandike programu ya nini kwanza. Huenda kujumlisha ni dakika 2 tu na robo saa nzima inaisha kwa kumuuliza kijana "sarj" ya kampuni gani.

Nakwambia haya kwa sababu yamenikuta. Niliwahi kutengeneza mfumo wa wenye nyumba za kupanga, karibu mwaka mzima, nikajua shida yao ni kukumbuka nani hajalipa kodi. Hakuna aliyenunua. Nikaja kumshikia hesabu mama mmoja mwenye vyumba 14, kwa daftari kabisa, ndo nikagundua nani hajalipa anamjua kwa kichwa, hata usiku wa manane ukimuuliza anakutajia. Kilichokuwa kinamuua ni kugawa bili ya maji na LUKU ya mita moja, huyu ana friji, yule ana pasi tu, kila mwezi ugomvi uani. Mfumo wangu haukuwa na hata ukurasa mmoja wa kitu hicho.

Hata wakubwa walipita njia hii. Mailchimp, programu ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianza 2001 ndani ya kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti kule Atlanta, Marekani, wateja wao walikuwa wanaomba wasaidiwe kutuma barua pepe hizo, kazi inajirudia, wakatengeneza kifaa cha kuwapunguzia. Kazi ya tovuti wakaendelea nayo mpaka 2007 ndo wakaiacha wabaki na Mailchimp peke yake, na 2021 kampuni ya Intuit wakainunua kwa karibu dola bilioni 12. Basecamp nayo, programu ya kusimamia kazi, 2004, ilitoka kwa watengeneza tovuti wa Chicago waliotaka kusimamia kazi za wateja wao wenyewe. Angalia hiyo 2001 mpaka 2007, miaka 6 huduma inalisha bidhaa.

Mtego utakaokutana nao ni huu, tajiri wa tatu atakwambia niwekee na mishahara, wa nne anataka hesabu za bodaboda zake. Kataa kwa heshima. Ukikubali kila ombi utajikuta una mifumo minne yenye mteja mmoja mmoja na hutoboi. Ombi moja likitoka kwa maduka matatu bila wewe kuwauliza, hapo lifikirie.

Piga hesabu pia ya mikono. Duka moja likila dakika 40, maduka 8 ni saa 5 na dakika 20 kila usiku, haiwezekani, na hapo ndo pa kuandika programu, ukiwa na laki 1 na 20 inaingia kila wiki. Ukishusha dakika 40 kuwa 10, hata maduka 20 ni saa 3 na dakika 20 tu.

Kuhusu ukarani, ndiyo, miezi michache utakuwa karani, na karani ndo anayejua duka linavuja wapi. Ila majina ya wadaiwa yatunze vizuri, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi Tanzania tangu Mei 2023, picha za daftari zisikae kwenye simu wanayochezea watoto.

Ile kazi ya miezi 7 usiifute. Sehemu ya ripoti na madeni utaitumia wewe mwenyewe badala ya Excel ukifika duka la tatu au la nne, sehemu ya kijana kuingiza mauzo iache ilale kwanza. Nitumie ile orodha ya dakika ikifika wiki ya 3 tuangalie pamoja.