Maswali ya Wasomaji: Jumamosi ya kuosha gari, Jumatatu ya kipimo

Corolla yangu ya 2012 haina tatizo. Jumamosi nilitoa betri nikasafisha vichwa vyake, nikaosha injini, na taa ya injini iliyokuwa ikiwaka nikaizima kwa kile kidude cha kuchomeka. Jumatatu kituo cha ukaguzi kimekataa kunipitisha, eti gari "bado halijawa tayari". Mbona linatembea vizuri tu? (Msomaji, Garland, Texas)

Ndugu yetu, kilichokuangusha Jumatatu ni kazi uliyoifanya Jumamosi.

Texas iliondoa ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi kuanzia tarehe 1 Januari 2025, lakini kipimo cha moshi kimebaki kwenye kaunti za miji mikubwa, Dallas ilimo Garland ikiwamo, kwa magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24. Kwa gari kama lako, hicho tunachokiita kipimo cha moshi hakigusi ekzosi kabisa. Magari yote madogo ya petroli ya modeli ya 1996 na kuendelea yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana mfumo wa OBD, yaani kompyuta inayojikagua na kuweka kumbukumbu za hitilafu. Mkaguzi anachomeka waya chini ya usukani na kuihoji kompyuta ya gari: taa ya injini inawaka swichi ikifunguliwa na kuzimika injini ikishawaka? Kuna kodi (namba) ya hitilafu inayowasha taa? Na je, kompyuta imeshamaliza kujipima yenyewe?

Hapo pa mwisho ndipo uliponasa. Kompyuta ina vipimo vyake vya ndani: masega ya ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi), sensa za oksijeni, hita za sensa hizo, na mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Ukitoa betri au kufuta kodi, vyote vinarudi kuwa "bado". Kwa gari la 2001 na kuendelea, Texas inaruhusu kipimo kimoja tu kiwe hakijakamilika; kwa yale ya 1996 hadi 2000, viwili. Wewe huenda ulifika na vitatu au vinne.

Dawa ni kuliendesha, lakini si kuzunguka mtaani kwenda dukani. Tangi liwe kati ya robo na robo tatu, kwa sababu kipimo cha mvuke hakifanyiki tangi likijaa pomoni au likikaribia kukauka. Gari lilale usiku kucha, saa nane au zaidi, injini ipoe hadi ilingane na hali ya hewa ya nje. Asubuhi liwashe, liache kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) dakika mbili au tatu, kisha ingia barabara kuu na ushike mwendo wa maili 55 hadi 60 kwa dakika kumi bila kupandisha na kushusha. Halafu achia mafuta, liteleze lenyewe hadi maili 20 hivi bila kukanyaga breki, pale tu palipo salama kufanya hivyo. Rudia mara mbili tatu, umalizie na safari ya mjini yenye kusimama na kuondoka. Kila kampuni ina utaratibu wake, ila magari mengi hukamilika kwa siku chache za mwendo wa namna hiyo. Kipimo cha mvuke ndicho kinachochelewa zaidi, na hicho kimoja ndicho unachoruhusiwa kubaki nacho.

Kile kidude chako kina ukurasa wa utayari, wenye alama ya I/M. Usirudi kituoni kabla hujauangalia.

Sasa turudi kwenye taa uliyoizima. Je, uliandika namba ya kodi kabla ya kuifuta? Kama hukuandika, taa itakuandikia upya, na mara nyingi hurudi wakati huohuo vipimo vinapokaribia kukamilika. Kifuniko cha tangi kilicholegea au chenye mpira uliopasuka huleta kodi za mvuke kama P0455, na dawa yake ni kifuniko kipya. P0420 inazungumzia masega, lakini usikimbilie kununua masega. Tafuta kwanza tundu kwenye ekzosi karibu na sensa, na uhakikishe injini haikosi moto, yaani kila silinda inachoma petroli yake.

Kuhusu betri, si lazima uitoe ili uisafishe. Koroga kijiko kikubwa cha magadi ya kuokea kwenye kikombe cha maji ya moto, mwagia vichwa vyenye ungaunga mweupe au wa kijani, ukihakikisha vizibo vya betri vimefungwa, sugua kwa mswaki, suuza kwa maji kidogo. Ikibidi uitoe, anza na waya wa hasi, na ufanye hivyo wiki mbili au tatu kabla ya kipimo.

Na kuosha injini ungeweza kuacha. Kipimo hakiangalii kama injini inang'aa. Kama roho haitulii, iwe imepoa, funika alteneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa kwa nailoni, utumie brashi na maji ya mkono, wala si mashine ya presha. Maji ya presha huingia kwenye vishimo vya plagi, chini ya koili, injini ikaanza kukosa moto. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, punguza mwendo na usimame mahali salama: petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya masega, nayo huyayuka.

Nina gari la dizeli la 2012. Nikikanyaga mafuta ghafla linatoa wingu jeusi. MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni wiki ijayo. Nifanye nini wikiendi hii? (Msomaji, Leicester, Uingereza)

Dada, kwako ekzosi inapimwa kwelikweli. Gari la dizeli la 2012 kama lako halitakiwi kuzidi 1.5 kwenye kipimo cha weusi wa moshi, na kama kibati cha mtengenezaji kina namba ya chini zaidi, hiyo ndiyo inayotumika. Tena tangu Mei 2018, gari lililotoka kiwandani na chujio la masizi likionekana kutoa moshi wa rangi yoyote linaanguka bila kusubiri namba. Likikutwa chujio limetolewa, linaanguka vilevile.

Jumamosi fungua chujio la hewa. Likiwa jeusi, badilisha. Kagua mpira mnene unaotoka kwenye tabo (kifaa cha kusukumia hewa) kwenda kwenye injini. Ukiona oili imetapakaa pembeni ya kleme, huenda hewa inavujia hapo, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha ndiyo hilo wingu. Vuta kijiti cha oili. Kama oili imepanda juu ya alama ya mwisho, huenda dizeli imechanganyika nayo kwa sababu gari huzimwa kila mara katikati ya kuchoma masizi. Badilisha oili, uweke ile ya majivu machache iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Jumapili, tangi likiwa juu ya robo, toka kwenye barabara kuu kwa nusu saa, gia ya chini kidogo kuliko kawaida, injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Chujio huhitaji takribani nyuzi 600 ili masizi yaungue, na safari za kupeleka watoto shule hazifiki huko. Siku ya MOT usifike na injini baridi wala usiizime nje ukasubiri saa nzima. Kama wingu linaendelea baada ya yote hayo, tatizo ni nozeli, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) au tabo, na hapo ni kazi ya gereji.

Kuhusu usafi, mkaguzi ana haki ya kukataa kulipima gari lililochafuka kiasi cha kumzuia kufanya kazi yake. Futa namba na taa, toa mizigo kwenye buti, jaza maji ya waipa. Gari huangushwa kwa chupa ya waipa iliyokauka.

Fundi anasema tutoe masega gari lipate nguvu. Ni kweli? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Kama masega yameziba, ndiyo, nguvu itarudi. Ila uliza kwanza yalizibwa na nini. Masega huzibwa na injini inayokula oili, au plagi na koili zinazokosa moto, na ugonjwa huo utabaki hata ukiyatoa. Utaongeza harufu ya petroli na taa ya injini isiyozimika.

Mwambie afungue sensa ya oksijeni ya mbele, achomeke geji ya presha kwenye tundu lake. Kwenye sailensa isizidi 1.25 psi (kipimo cha presha), na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Ikiwa chini ya hapo, masega yako hayajaziba, na anayeyataka huenda anajua bei yake kuliko wewe: ndani mna madini ghali ya platini, paladi na rodi.

Dawa za kumwaga kwenye tangi la petroli zinasaidia kupita kipimo? (Msomaji, Atlanta)

Zenye PEA (kemikali ya kusafisha mfumo wa petroli) huondoa uchafu kwenye nozeli. Chupa moja kwa tangi zima, ulimalize lote, ujaze petroli ya kawaida ndipo uende. Haziponyi sensa iliyokufa.