Kani Zikilingana, Mbona Kitu Bado Kinakwenda?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba nikisukuma sanduku sakafuni kwa kasi isiyobadilika, msukumo wangu huwa sawa na msuguano. Ikiwa kani hizo mbili zinalingana, ni nini basi kinacholipeleka mbele? Je, haipasi nguvu yangu izidi, japo kidogo?

JIBU: Ndugu msomaji, nguvu yako ilizidi kweli, lakini ilizidi pale mwanzoni tu. Kumbuka sanduku lilipokuwa bado limetulia: ulisukuma likagoma, ukaongeza nguvu, na mara likang'oka. Hadi hapo msuguano ulikuwa ukipanda sambamba na msukumo wako. Ulipofika kikomo chake ukaushinda, na katika muda huo mfupi ndipo sanduku lilipopata kasi yake. Baada ya hapo mkono wako haukuwa na kazi ya kulipa mwendo, kwa kuwa lilikuwa nao tayari, bali kuuzuia msuguano usiupunguze.

Tuseme sanduku lina kilo 20 na msuguano wake ni newtoni 60 (newtoni ni kipimo cha kani). Ukilisukuma kwa newtoni 60, litashika kasi ileile. Ukisukuma kwa newtoni 80, zile 20 zilizozidi zitaliongezea kasi ya mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, na muda si mrefu itakubidi ulikimbilie. Hiyo "japo kidogo" unayoitaja, basi, ingeonekana: sanduku lisingebaki na kasi moja.

Dhana kwamba kila kiendacho lazima kisukumwe ilishikiliwa na wasomi tangu enzi za Aristotle, tena si ajabu, maana msuguano hauonekani kwa macho. Galileo aliipinga, na mwaka 1687 Isaac Newton akachapisha kanuni yake ya kwanza ya mwendo: kani zikilingana, kitu kilichotulia hutulia, na kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka. Tone kubwa la mvua hushuka hivyo, kwa takriban mita 9 kwa sekunde, ukinzani wa hewa ukiwa umelingana na uzito wake.

Lifunge magurudumu sanduku hilohilo, ulisukume mara moja, kisha uliachie kwenye sakafu tambarare. Litakwenda mbali bila kuguswa na mtu, ingawa hukuliongezea chochote. Umeupunguza msuguano tu.