Jina limekosewa kwenye hati ya madai, mahakama za Uingereza ya zamani zilifanyaje?

Niligusia juujuu kesi za Uingereza za enzi hizo zilizokwama kisa herufi moja, meseji zikamiminika. Najibu chache.

Eti mdaiwa alikuwa anashinda kabisa sababu jina lake limekosewa?

Kushinda wapi, alikuwa anavuta muda tu. Anasimama mwanzoni kabla hajagusa madai yenyewe, anasema mimi siitwi hivyo, hati inatupwa. Ila lazima hapohapo ataje jina lake la kweli, kwa hiyo mdai anaondoka nalo, anaandika hati mpya, wanakutana tena. Na ukishajibu madai yenyewe ndo basi tena, umelikubali jina uliloitwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 Bunge lilichoka na usumbufu huu likataka pingamizi la namna hiyo liwe na kiapo.

Hata herufi moja tu?

Walitumia sikio sio jicho, maana hata wenyewe spelingi zao zilikuwa hazijatulia. Segrave na Seagrave ilipita, Benedetto na Beneditto ikapita, ukitamka ni yaleyale. Kwetu ingekuwa Saidi na Said, au Masudi na Masoud, hakuna shida, lakini Hasani na Huseni hapo umebadilisha mtu. Sasa mwaka 1808 kuna mshitakiwa Shakespeare (sio yule wa tamthilia, yule alishakufa zamani) aliandikwa Shakepear, s ya katikati imeruka, majaji wakasema hapana, hilo sikioni ni jina jingine. Mimi naona walikaza sana.

Jina la kwanza na la ukoo uzito ni sawa?

Hapana. Jaji Coke, bingwa wa sheria wa Uingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 1600, aliandika kwamba mtu anaweza kuwa na majina ya ukoo tofauti nyakati tofauti ila jina la ubatizo ni moja, kwa hiyo kulikosea hilo ndo balaa zaidi. Njia ya kulibadili ilikuwa kipaimara (ibada ya kanisa ya kumwimarisha aliyebatizwa), na anamtaja jaji mwenzake Gawdy, alibatizwa Thomas akapewa kipaimara kama Francis, akabaki Francis.

Kweli walidai hadi kazi yako iandikwe?

Ndiyo, sheria ya 1413: hadhi au kazi, na unapoishi, kwenye kesi ambazo mtu angeweza kutangazwa yuko nje ya ulinzi wa sheria. Kijiji kimoja kina akina John watatu, utamtangaza yupi?

Iliisha lini?

Kwenye jinai 1826, kwenye madai ya kawaida 1833, badala ya kutupa kesi jina linasahihishwa mnaendelea.

Na John Doe je?

Hapa ndo huwa nacheka. Kwenye kesi za kumtoa mtu kwenye ardhi, mdai alikuwa John Doe, mtu ambaye hayupo duniani, eti kapangishwa shamba akafukuzwa na Richard Roe, naye hayupo, halafu mwenye shamba wa kweli na anayelikalia wanapigana kupitia hao mizimu wawili. Mahakama zilezile zilizomkatalia Shakespeare kwa s moja zilimpokea John Doe bila kuuliza kitu mpaka 1852.