Figo ya mama haikuwa imeziba

Mama alikuja mjini kutoka Bahi akilalamikia kiuno upande wa kushoto. Tukaenda kituo kimoja hapa Dodoma, akapigwa altrasaundi, tukatoka na karatasi ya mistari mitatu: figo ya kushoto imejaa maji, mkojo haushuki, mgonjwa apangiwe kuwekewa mrija wa kuzibua. Tukaambiwa tusicheleweshe, figo isije ikafa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa napiga hesabu ya mbuzi wangapi wauzwe, na nani apigiwe simu kwanza.

Mrija haukuwekwa, na haukuwa unahitajika. Naandika kwa ajili yako uliyeshika karatasi kama ile leo.

Maji kwenye figo ya mama yalikuwepo kweli. Kilichokosewa ni kuyatambua ni maji gani. Katikati ya figo kuna chumba ambako mkojo hukusanyika kabla ya kushuka kwenye mrija kwenda kibofuni. Njia ikiziba, kwa jiwe au kitu kingine, chumba hicho hutanuka, na kwenye altrasaundi huonekana kama doa jeusi katikati ya figo. Lakini kuna vifuko vya maji, madaktari huviita sisti za parapelviki, ambavyo huota pembeni mwa chumba hicho hicho. Navyo huonekana vyeusi, mahali pale pale. Si saratani, havina mkojo ndani, na wengi walio navyo hawajui maisha yao yote. Kwa kuwa si vya kila siku kama vile vifuko vya kawaida vinavyoota juu ya figo za watu wazima, mpimaji anaweza kuviona akasoma kuziba.

Aliyetutoa gizani ni daktari wa pili, kijana. Alimsalimia mama kwa Kigogo, "Mbukwa, mama," kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: siku ya kipimo ulikuwa umekunywa maji kiasi gani, na ulikojoa kabla? Mama alikuwa amekunywa chupa ya lita moja na nusu na kubana mkojo kama alivyoelekezwa. Kumbe kibofu kikijaa sana, hata figo isiyo na ugonjwa inaweza kuonekana imetanuka kidogo. Akamtuma chooni, akarudia kipimo. Weusi ulikuwepo bado, ila akatuonesha kwenye kioo: madoa yalikuwa ya mviringo, kila moja peke yake. Mkojo ukiziba, alisema, madoa huungana katikati kama matawi yanavyokutana kwenye shina.

Kreatinini ya mama, kipimo cha damu kinachoonesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa sawa, nami nikafurahi mapema mno. Daktari akanirudisha chini kwa upole. Figo moja ikiziba, nyingine hubeba kazi ya zote mbili na damu ikaonesha kila kitu ni shwari. Kwa hiyo ikabidi CT-scan yenye dawa ya mshipani.

Hapa naomba usome taratibu. Dawa ile huingia kwenye damu, figo huichuja, na baada ya dakika kadhaa hutoka na mkojo, ndipo njia ya mkojo inang'aa nyeupe. Picha zikipigwa mapema tu, mgonjwa akashushwa kitandani, chumba cha mkojo na kifuko hubaki vinafanana na fedha yako imekwenda. Hakikisha fomu inasema wanatafuta njia ya mkojo, na muulize fundi wa picha kama zitapigwa zile za kuchelewa. Kwa mama walisubiri takriban dakika kumi. Mkojo mweupe ukaonekana ukipita mwembamba katikati ya vifuko, kama kijito kati ya mawe, ukashuka mpaka kibofuni. Vifuko vyenyewe vilibaki vyeusi, dawa haikuingia. Hilo ndilo jibu lenyewe.

Kabla ya siku hiyo, mwambie daktari kama mgonjwa ana kisukari na anatumia metifomini, au kama aliwahi kupata mzio wa dawa ya picha. Na kama ana bima, ulizia kibali cha kipimo mapema, usisubiri mpaka mzee yuko foleni.

Swali jingine lilimshangaza mama: nyumbani kuna mbwa? Kwetu wafugaji lina maana. Mbwa akila viungo vya ndani vya kondoo au mbuzi wenye maambukizi hupata mnyoo aitwaye tegu, na mayai ya tegu huyo yakimfikia mtu hufanya vifuko, mara nyingi kwenye ini na mapafu, mara chache kwenye figo. Kifuko cha namna hiyo hakichomwi sindano ovyo, kwani maji yake yakimwagika mwilini yanaweza kuleta mzio wa kutisha. Ukiona mtu ana haraka ya kunyonya maji kwa sindano bila kuuliza mnafuga nini, omba maoni ya pili. Kwa wagonjwa wa Kanda ya Kati, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina wataalamu wa figo na njia ya mkojo, omba rufaa.

Kwenye ripoti unaweza kukuta neno Bosniak. Ni jina la daktari wa Marekani aliyepanga vifuko vya figo kwa madaraja mwaka 1986, na mpangilio ukaboreshwa 2019. Daraja la I na la II havina madhara. La IIF, lililo kati ya II na III, hufuatiliwa kwa picha. La III karibu nusu huwa saratani, na la IV wengi wao. Usitoke chumbani bila kuambiwa daraja lako.

Homa pamoja na maumivu ya kiuno, mkojo wenye damu, au mkojo kuacha kutoka: hayo hayasubiri maoni ya pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu ya mama yalikuwa ya mgongo. Alikuwa akibeba ndoo mbili za maji kutoka kisimani kila asubuhi. Siku hizi mjukuu anazisukuma kwa toroli. Vifuko viko pale pale, na CD ya picha iko ndani ya mfuko mmoja na daftari lake la kliniki, ili anayempima kesho asianze upya.