Kabla hujapanda paani: kwa fundi mgeni wa meko na chimni

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Tabora una baridi ambayo mtu wa pwani haitegemei, na ndiyo miezi simu yangu inaita sana. "Fundi, nyumba imejaa moshi." Wanaopiga ni wenye nyumba za zamani zenye meko sebuleni, akina mama wenye majiko ya kuni yaliyojengewa chimni, na siku hizi watu waliojenga nyumba mpya huko Ipuli na Cheyo wakataka na pa kuotea moto. Wewe uliyeanza kazi hii mwaka huu utaitwa kama ninavyoitwa mimi. Nakuandikia uyajue mapema mambo yaliyonichukua miaka kuyajua, mengine kwa hasara ya mtu mwingine.

Moshi nilianza kuujua kwenye mabani, yaani nyumba za kukaushia tumbaku, Urambo, kabla sijahamia mjini. Tumbaku ya mvuke haitaki kuguswa na moshi. Moto unakokwa kwenye tanuru, joto linapita ndani ya bani kwa mabomba, moshi unatolewa nje kwa chimni. Bomba likitoboka, jani linanuka moshi na daraja linashuka sokoni. Mzee aliyenifundisha kuchochea alikuwa akinirudishia jambo moja kila usiku: chimni haisukumi moshi, inavuta hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda inaacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa nyingine inayotoka mahali fulani. Isipopata pa kuingilia, mvuto unakufa, moshi unabaki chumbani pamoja na watu. Kwa hiyo ukifika kwa mteja, kabla ya kuuliza moshi unatokea wapi, uliza hewa inaingilia wapi.

Nililijua hilo bani, nikalisahau nilipofika kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Isevya. Alikuwa amepikia jiko lake miaka mingi bila tatizo. Wanawe wakamtengenezea nyumba vizuri: dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, mlango mpya wa jikoni unaobana sawasawa. Wiki ile ile moshi ukaanza. Nilipanda paani, nikaona chimni ina ufa, nikaamini nimekwisha kuupata ugonjwa. Nikabomoa hadi usawa wa bati, nikajenga upya kwa siku tatu. Tulipowasha, moshi ukarudi vilevile. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akaniambia taratibu, "Mjukuu wangu, mlango wa zamani haukuwa unafunga hivi." Niliufungua upana wa vidole vitatu. Moshi uliokuwa umelala chini ya dari ukaanza kujikusanya, ukashuka, ukaingia kwenye koo la chimni, pale moshi unapoanzia kupanda, kama maji yanavyoingia mferejini.

Nilimrudishia ujira wangu wote, lakini matofali na saruji zilikuwa fedha yake na zimekwisha tumika. Hadi leo linaniuma. Tulitoboa tundu la kipande cha tofali chini ya ukuta, karibu na jiko, upande wa mashariki unakotoka upepo mwingi wa kiangazi, tukaliwekea wavu wa kuzuia panya. Kazi ya nusu saa.

Tangu siku ile sipandi paani kabla sijakaa chini. Naomba kiti, namwambia mwenye nyumba awashe moto kama anavyowasha kila siku, nami natazama. Watu wengi wakimwona fundi amekaa wanadhani anapoteza muda wao; mweleze mapema kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wakati moto unashika, muulize: tatizo lilianza lini? Kama ni tangu nyumba ijengwe, kosa huwa katika vipimo. Kama limeanza juzi, kuna kitu kimebadilika: pameziba, mti umekua, nyumba imefungwa, au kuni zimetoka kwa muuzaji mwingine. Muulize pia kama moshi unatoka muda wote, au ni pale mwanzo tu, au ni siku za upepo.

Ukisikia ni mwanzo tu kisha unaacha, usibomoe chochote. Chimni iliyolala baridi usiku kucha imejaa hewa nzito, na hewa hiyo inashuka. Chukua kijiti cha udi, kiwashe, kishike kwenye koo la chimni kabla ya moto kuwashwa. Uzi wa moshi wa udi ukipinda kuja usoni kwako, hewa inashuka. Mfundishe mwenye nyumba kuviringisha karatasi, kuiwasha na kuishikilia juu kabisa kooni, dakika moja au mbili, mpaka ukuta wa ndani upate joto na uzi wa udi ugeuke kwenda juu. Ndipo awashe kuni. Na kijiti hicho hicho cha udi ukikipitisha kwenye kizingiti cha mlango na kingo za dirisha, kitakuonyesha hewa inaingia au imezuiwa. Mimi sitoki nyumbani bila pakiti yake.

Sasa vipimo, maana hapa mafundi wa kujenga tu wanaharibu sana. Tundu la chimni ya meko ya kuotea moto liwe na eneo lisilopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la kinywa cha meko. Kinywa chenye upana wa sentimita 80 na kimo cha 60 kina eneo la sentimita za mraba 4,800. Kinataka tundu la kama 480, yaani 22 kwa 22. Nimekuta kinywa cha ukubwa huo kimewekewa tundu la 15 kwa 15, ambalo ni 225 tu, chini ya nusu. Hapo moshi lazima ufurike, hata uombe vipi. Kubomoa chimni nzima ni gharama kubwa, lakini kupunguza kinywa ni rahisi. Shika kipande cha bati, kiegemeze juu ya kinywa moto ukiwa unawaka, kishushe polepole. Pale moshi unapokoma kuingia chumbani, weka alama ya chaki. Nyumba ile tulipunguza kinywa kwa matofali hadi 55 kwa 40, na moshi ukaacha. Mwenye nyumba alinung'unika kwamba meko yamekuwa madogo, nikamwachia auchunguze moto wenyewe kwa wiki moja.

Urefu nao. Chimni itoke juu ya bati angalau sentimita 90 pale inapotobolea paa, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka hapo, ukiwemo mgongo wa paa. Ikikaa chini ya mgongo, upepo unaruka paa na kudondokea ndani ya chimni. Miembe pia. Mji huu una miembe mikubwa, watu wanaipenda nami naipenda, lakini tawi lililofunika chimni linarudisha upepo chini. Mara mbili nimetibu moshi kwa kukata tawi moja. Kofia ya bati juu ya chimni iachiwe nafasi ya kutosha pembeni. Nimeona kofia zimelala kama sufuria lililofunikwa.

Kuhusu kuziba nitasema zaidi, kwa sababu Tabora ina jambo lake. Kwingine chimni inazibwa na masizi, majani na viota vya ndege. Hapa, pamoja na hayo, inazibwa na nyuki. Mkoa huu ni wa asali, misitu ya miombo iko jirani, na chimni ambayo haijawashwa tangu mwaka jana ni mzinga uliokwisha jengwa. Usiku mmoja Kanyenye, familia iliwasha meko baada ya miezi mingi. Nta ikayeyuka, masega yakakatika na kuangukia motoni, na nyuki wakashuka sebuleni pamoja na moshi. Nilipofika asubuhi nilikuta makaa yamegandiwa na asali nyeusi na watoto wamevimba nyuso. Kwa hiyo, meko yoyote ambayo hayajatumika muda mrefu, kaa kwanza kimya chini ya koo usikilize. Ukisikia mvumo, au ukiona nyuki wanaingia na kutoka juu mchana, usiwashe hata karatasi. Mwite mrina asali, aje jioni na vifaa vyake. Atatoa kundi zima na wewe utafanya kazi yako kesho yake. Masega yaliyobaki yakwanguliwe yote; harufu ya nta inaita kundi jingine.

Masizi makavu yanatoka kwa brashi ngumu iliyofungwa kamba na jiwe, ukivuta juu na chini. Yale yanayong'aa kama lami yaliyoganda ni hatari: yakishika moto, chimni yote inaunguruma na kenchi za paa zinaweza kuungua. Hayo yanatokana na kuni mbichi.

Na kuni mbichi mteja hakubali kirahisi kwamba ni mbichi, maana amezinunua kwa bei ya kavu. Usibishane. Chukua mbili uzigonganishe: kavu zinalia kama vibao, mbichi zinatoa sauti iliyokufa. Tazama ncha: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kama miale, na gamba linabanduka kwa kidole. Halafu tia moja motoni na mwonyeshe ncha ya nje. Utaona povu linachuruzika na kusikia mlio kama wa kikaango. Moto unatumia nguvu yake kuchemsha maji badala ya kupasha chimni, na chimni isiyopata joto haivuti. Kuni zipasuliwe na zikae chini ya kivuli cha bati, upepo ukipita, kiangazi kizima kabla ya mvua za Novemba.

Kuna nyumba nyingine nitakuomba usizikubalie kazi. Kama jiko la kuni liko katikati ya vyumba vya kulala na kuna mtoto anayebanwa kifua, mshauri mama huyo gesi, hata kama unakosa ujira. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia nishati hiyo ifikapo 2034, na sioni kwa nini fundi wa chimni aupinge.

Mwambie kila mteja, bila kumwonea haya, habari ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha machoni, yenyewe inaweza kuwa imebaki. Asizibe koo la chimni makaa yakiwa bado mekundu. Asiingize jiko la mkaa chumbani akafunga mlango akalala, hata baridi iwe kali vipi. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu kwa pamoja, watoke nje wote mara moja, kisha waende hospitali.

Ukimaliza kazi, kaa tena. Washa moto, funga mlango na madirisha kama wanavyofunga usiku, subiri saa nzima. Halafu paka mstari wa chokaa nyeupe, upana wa kiganja, ukutani juu ya kinywa cha meko, na uandike tarehe kwa penseli pembeni. Rudi baada ya wiki mbili bila kuitwa. Nenda moja kwa moja kwenye ule mstari kabla hata hujakaribishwa chai, upitishe kidole, ukitazame.