Je, ndege wa baharini na meli za uvuvi wanagombania samaki?

SWALI: Nauza samaki City Market hapa Nairobi. Shemeji yangu, mvuvi wa Lamu, analalamika kwamba ndege wa baharini wanamaliza samaki. Redioni nao walisema meli kubwa ndizo zinazowanyima ndege chakula. Ukweli ni upi? Na mnajuaje ndege amekula nini?

JIBU: Dada, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo ninaloshinda nalo maabara. Shakwe hutapika tonge la mifupa na magamba yasiyosagika. Tunaliloweka, kisha tunalichambua kwa kibano chini ya hadubini tukitafuta jiwe la sikio la samaki. Ni dogo kama chenga ya mchele, lakini kila aina ya samaki ina umbo lake, na ukubwa wake hutuonyesha samaki alikuwa na urefu gani. Kwa buabua wengi kazi ni nyepesi: humbebea kinda samaki mdomoni, nasi tunampiga picha.

Wengi wakiona jina moja kwenye chakula cha ndege na kwenye mavuno ya meli, husema basi, wanagombana. Jina halitoshi. Kibua wa urefu wa kidole anayemezwa na kinda siye unayempima wewe kwa kilo. (Nyavu za matundu madogo zikiingia, tofauti hiyo hufutika.) Lazima ulinganishe pia ukubwa, mahali na msimu.

Vyote hivyo vikikutana, ndege huumia kweli. Pengwini wa Afrika Kusini na Namibia hula dagaa walewale wanaovuliwa na meli, na akiwa na makinda hawezi kwenda mbali. Namibia dagaa hao waliporomoka kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na mwaka 2024 pengwini huyo aliorodheshwa kuwa hatarini mno kutoweka. Utafiti wa 2011 uliolinganisha aina 14 za ndege ulionyesha kwamba samaki wadogo wakishuka chini ya theluthi moja ya wingi wao wa juu kabisa, makinda wanaokua huwa wachache.

Huku kwetu Bahari ya Hindi mambo ni mengine, na ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Buabua mwenye mgongo mweusi, anayezaliana kwa wingi Shelisheli, karibu hazami kabisa. Humngoja jodari afukuze samaki wadogo kutoka chini mpaka maji yachemke, ndipo awadake juu juu. Meli ikizungushia wavu kundi la jodari, huenda isiguse hata samaki mmoja wa buabua, lakini imemwondoa anayempandishia chakula. Jambo hilo hutaliona kwenye jiwe la sikio.

Shemeji yako analijua kuliko mimi. Muulize, akitafuta jodari, macho huyaelekeza wapi kwanza: majini, au kwenye ndege?