Maswali na Majibu: Kibodi Ndogo ya Mekanika Isiyo na Waya

Tangu nilipogusia kwamba nimeiweka kando kibodi ya kawaida na kuhamia kibodi ndogo ya mekanika isiyotumia waya, nimepokea maswali mengi, na mengi yametoka kwa watu ambao kuchapa ndiyo riziki yao: wahazili, makarani, wenye steshenari na wanachuo. Hapa Tabora jambo hilo si la kushangaza. Mji wetu ndio wenye Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, na wengi wetu tulijifunza hapo kuchapa bila kutazama vidole. Kibodi ninayoizungumzia ina vitufe 68, uzito wake unakaribia robo tatu ya kilo, na imekuwa mezani pangu Kanyenye tangu mwezi Machi, ikichapa barua, mihtasari, mikataba ya kupangisha nyumba na tasnifu za wanafunzi. Majibu yangu yanatokana na kazi hiyo.

Shikamoo mama. Nasoma uhazili mwaka wa kwanza. Kibodi ya mekanika ni nini hasa, na kwa nini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida?

Marahaba, mwanangu. Kibodi ya kawaida ina karatasi moja laini ya mpira iliyotandazwa chini ya vitufe vyote, yenye vivimbe mfano wa vikombe vidogo vilivyofunikwa. Ukibonyeza kitufe, kikombe kinabonyea mpaka chini, na hapo ndipo herufi inapotoka. Kibodi ya mekanika haina karatasi hiyo, bali kila kitufe kina swichi yake inayojitegemea, yenye springi na vibati viwili vya chuma vinavyogusana kabla kitufe hakijafika mwisho. Swichi iliyoigwa na watengenezaji wengi ni ile ya Cherry wa Ujerumani, iliyoanza katika miaka ya 1980: kitufe chake husafiri milimita 4, lakini herufi hutoka kikiwa kimeshuka milimita 2 tu. Mchapaji akishaizoea nusu safari hiyo, haoni tena haja ya kugonga mpaka chini, na jioni vidole vyake havina ganzi.

Kuhusu bei, fikiria uimara. Swichi nzuri hutajwa kuwa na uwezo wa mibonyezo milioni 50 na zaidi kwa kila kitufe, wakati kibodi za mpira kwa kawaida hutajwa kati ya milioni 5 na 10. Katika ofisi yangu, kibodi za mpira hazikuwa zikifa zote kwa pamoja. Kilianza kitufe cha A, kikafuata cha nafasi, na kwa sababu karatasi ya mpira ni moja, kufa kwa herufi moja kulimaanisha kununua kibodi nyingine. Hata hivyo, ikiwa unachapa ukurasa mmoja kwa wiki, fedha hiyo iweke kwenye ada.

Nipo katika ofisi ya watu wanne. Muuzaji ananitaka nichague kati ya swichi nyekundu, kahawia na bluu. Zinatofautianaje, na mchapaji wa Kiswahili achukue ipi?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na nasikitika kwamba wauzaji wengi hulijibu kwa kuwasha taa za rangi zilizo chini ya vitufe. Swichi nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo, na huhitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Ya kahawia ina kijivimbe kidogo njiani, kwenye gramu 55 hivi, ambacho kidole hukihisi na kujua kwamba herufi iko karibu kutoka. Ya bluu ina kijivimbe kikubwa zaidi, gramu 60 hivi, na hutoa mlio kama wa kalamu ya kubonyeza kila unapogusa herufi. Katika ofisi ya watu wanne, bluu iache, maana wenzako watatu hawataweza hata kuzungumza na simu.

Baada ya hapo, tazama lugha unayoichapa. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine ya kuchapa ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874, na ilikusudiwa kwa Kiingereza. Herufi inayojitokeza zaidi katika Kiingereza ni E, nayo hubonyezwa na kidole cha kati, kirefu na chenye nguvu. Katika Kiswahili herufi inayotawala ni A, nayo imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, ambacho pia kina jukumu la kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Chukua sentensi ambayo kila mhazili amewahi kuichapa: "Wananchi wanatakiwa kuhudhuria mkutano wa hadhara." Ina herufi 44, na kati ya hizo 12 ni A. Herufi E haimo hata moja. Zaidi ya robo ya kazi yote ya sentensi hiyo imebebwa na kidole kimoja kidogo.

Ndiyo maana ushauri unaoandikwa kwa ajili ya wachapaji wa Kiingereza haututoshi. Mtu wa huko anaweza kusema kwamba gramu 60 ni sawa kwake, na akawa mkweli, lakini kidole chake cha mwisho hakifanyi kazi ya chako. Mimi nilianza na swichi za kahawia kwa sababu nilijifunzia taipureta na napenda kuhisi kitu chini ya kidole, na baada ya wiki tatu kifundo cha kidole hicho cha kushoto kikaanza kuuma. Kwa kuwa swichi za kibodi yangu huchomolewa na kuchomekwa bila kulehemu, nilitoa ya kahawia chini ya A peke yake na kuweka nyekundu mahali pake. Maumivu yaliisha, na vidole vingine havikugundua mabadiliko yoyote. Kwa hiyo jibu langu ni hili: chukua kahawia ikiwa umezoea taipureta, nyekundu ikiwa hujazoea, na kwa vyovyote hakikisha kwamba swichi zake zinachomoka.

Ndugu mwandishi, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Msimu wa masoko naingiza uzito wa marobota kutwa nzima. Je, kibodi hii itanifaa?

Hapana, ndugu yangu. Kibodi ndogo hupatikana kwa kukata sehemu ya namba iliyoko upande wa kulia, na sehemu hiyo ndiyo nyenzo yako ya kazi. Anayeingiza namba kwa mkono mmoja huku mwingine ukifuata orodha ya karatasi hawezi kurudi kwenye namba za mstari wa juu bila kupunguza kasi na kuongeza makosa, na kosa la kilo katika daftari la mkulima ni fedha yake inayopotea. Nunua kibodi ya mekanika yenye vitufe kamili, ambavyo kwa kawaida ni 104, au nunua ndogo pamoja na kibao cha namba cha pembeni, ambacho huuzwa peke yake.

Naandika mihtasari ya vikao vya mtaa hapa Ng'ambo. Nimeona kibodi ya vitufe 61 na nyingine ya vitufe 68. Je, nitaweza kuandika jina la kata yangu bila taabu?

Alama ya king'ong'o haijaondolewa katika zote mbili. Iko palepale karibu na Enter, kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Ziko kibodi ndogo zaidi ya hizo ambazo huihamishia alama hiyo kwenye mchanganyiko wa vitufe viwili, na mtu anayeandika Ng'ambo, ng'ombe na kung'oa kila siku asizikaribie.

Kinachozitofautisha hizo mbili ulizoziona ni mishale. Yenye vitufe 61 haina mishale ya kusogeza kalamu ya skrini; unalazimika kushikilia kitufe cha Fn na kubonyeza herufi nyingine. Anayechapa tu bila kurudi nyuma ataivumilia, lakini muhtasari husahihishwa zaidi ya unavyochapwa, hasa mwenyekiti anapokumbuka jambo baada ya kikao. Vitufe saba vya ziada vinastahili nafasi yake. Nikuongezee jambo moja: ukibonyeza Shift pamoja na 2 ukitarajia alama ya barua pepe ukaona alama ya kunukuu, kibodi si mbovu. Kompyuta imewekewa mpangilio wa Uingereza wakati kibodi ni ya mpangilio wa Marekani, na unaurekebisha kwenye mipangilio ya lugha ya kompyuta.

Umeme hapa kwetu hukatika. Betri inadumu muda gani?

Kinachomaliza betri ni taa. Nikichapa saa saba kwa siku taa zikiwa zimezimwa, naichaji takriban mara moja kwa mwezi. Nilipoziacha zikiwaka, haikumaliza wiki. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato na kibodi huendelea zote kwa betri zake, na hata betri ya kibodi ikiisha unaweza kuchomeka waya wa USB na kuendelea na kazi. Angalia tu kwamba waya huo unapitisha taarifa, kwa maana nyaya nyingi za simu za bei ya chini hupitisha chaji pekee. Mwezi wa Oktoba usiiache dirishani wala ndani ya gari, kwani joto huizeesha betri ya lithiamu haraka.

Kuna kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Ili kutunza betri, kibodi hulala ikikaa dakika kadhaa bila kuguswa, na inapoamka, yangu huimeza herufi ya kwanza. Niliwahi kurudi kutoka kunywa chai, nikachapa kichwa cha barua, nikaipeleka kwenye printa, na mteja ndiye aliyenionyesha kwamba imeanza na "almashauri ya Manispaa". Siku hizi nagusa Shift kwanza, nahesabu moja mbili, ndipo naanza.

Mimi ni katibu muhtasi, nachapa barua za siri. Mtu aliye chumba cha jirani anaweza kunasa ninachokichapa?

Inategemea kibodi inavyowasiliana na kompyuta. Mwaka 2016 wataalamu wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zinazotumia kipokezi kidogo cha USB, ambazo hazikuwa za Bluetooth, zilikuwa zikirusha kila herufi hewani bila kufichwa kwa msimbo, hivi kwamba mtu aliye umbali wa mita zipatazo 75 mwenye kifaa kinachofaa angeweza kuzisoma zote, nywila zikiwemo. Kibodi inayounganishwa kwa Bluetooth na ikakudai uchape namba zinazoonekana kwenye skrini husimba mawasiliano yake, na hiyo inafaa kwa kazi nyingi za ofisi. Usikubali ambayo boksi lake halisemi chochote kuhusu usimbaji. Kwa barua zilizogongwa muhuri wa siri, mimi huchomeka waya na kuizima Bluetooth kabisa, na nakuomba ufanye vivyo hivyo.

Sina kompyuta. Naweza kuitumia na simu kuandika tasnifu?

Ndiyo. Simu za Android hukubali kibodi ya Bluetooth bila programu ya ziada, na kibodi nyingi za aina hii hukumbuka vifaa vitatu, ukihama kimoja hadi kingine kwa Fn na namba. Isimamishe simu iwe usawa wa macho, la sivyo shingo ndiyo itakayolipa.

Vumbi la kiangazi cha Tabora litaiachia?

Kwa matunzo, ndiyo. Kila Jumamosi naigeuza kifudifudi, naigonga kwa kiganja, kisha napitisha brashi ya rangi iliyo kavu kati ya vitufe. Mara moja kwa mwezi nachomoa vifuniko vyote vya vitufe, na hapo ndipo utaona vumbi jekundu lilivyojipanga kwenye pembe. Usipulizie mafuta ya cherehani ndani ya swichi kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, kwa sababu mafuta hayo hulishika vumbi likawa tope. Ukiweza kuchagua, chukua vifuniko vya plastiki ya PBT. Vya plastiki ya ABS huanza kung'aa kwa mafuta ya vidole, na A ndiyo hutangulia.

Kilichoijaribu yangu kweli hakikuwa vumbi. Mwezi Juni mteja kutoka Sikonge aliweka mezani chupa ya asali yenye kifuniko kilicholegea, nayo ikalala juu ya K na L wakati tunasoma mkataba wake. Kibodi ya mpira ingeishia hapo. Niliizima kibodi kwa swichi ya kuwashia iliyo pembeni, nikachomoa vifuniko sita na swichi mbili zilizokuwa zimelowa, nikapangusa ubao wa chini kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikauacha ukauke, nikachomeka swichi mbili za akiba. Vifuniko niliviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikavianika kivulini, na saa kumi jioni mkataba wake ulikuwa umekwisha kuchapwa.